Talaka milioni tatu na nusu? Usitoe hiyo laki tano kwanza

Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo wakili. Naishi Kimara, nina miaka tisa kwenye ndoa, tulifunga kanisani, watoto wawili, wa kwanza ana miaka 8 wa pili 5. Mwaka wa pili huu mume kahamia kwa mwanamke mwingine, matumizi anatuma akijisikia. Tuna nyumba Kibamba haijaisha vizuri, kiwanja Kigamboni na bajaj, vyote vimeandikwa jina lake. Mimi nauza vitenge na nna deni la kikoba milioni 1, nilikopa tukapaua nyumba. Kuna mtu kaniambia talaka ni milioni 3 na nusu, nitangulize laki 5 afungue faili. Hela hiyo sina, ila kuna jamaa wa mikopo yuko tayari kunipa. Nikope au nivumilie tu?"

Marahaba mdogo wangu, pole na majukumu. Hiyo laki tano ikae kwanza, na huyo jamaa wa mikopo tutamrudia mwishoni.

Watu wengi mjini hapa wanaamini talaka ni gharama kwa sababu mahakama ni gharama, si kweli. Ada ya kufungua shauri la ndoa mahakama ya mwanzo ni ndogo, pengine unaipita kwa mauzo ya asubuhi moja, na kama hata hiyo huna kuna utaratibu wa kuomba usamehewe. Hela inakoliwa ni kwenye ugomvi wenyewe. Mnagombania vitu vingapi, mnaahirishwa mara ngapi, karatasi moja imekosewa mnaanza upya, alafu mmoja anakata rufaa. Nimeona watu wanatumia milioni kugombania nyumba ambayo ukiondoa deni na umaliziaji haina thamani ya kuumizana hivyo. Kwa hiyo mimi ntakwambia wapi hela inavuja ili uzibe mapema.

Anzia baraza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema huwezi kwenda mahakamani kuomba talaka kabla mgogoro haujapita Baraza la Usuluhishi la Ndoa na baraza likathibitisha limeshindwa kuwapatanisha. Lipo la kata, na taasisi za dini nazo wanayo, kwa hiyo nyie wa kanisani mnaweza kwenda la kanisa au la kata, yote sawa mbele ya hakimu mradi ni baraza linalotambulika kisheria na sio mzee wa kanisa kawaweka sebuleni kwake akawaombea. Baraza halitoi talaka, wala halina mamlaka ya kugawa nyumba, ukisikia mtu anasema "tumeshaachana baraza la kata" ujue bado ni mke na mume. Kazi yake ni kusuluhisha, ikishindikana inakupa hati, ile watu wanaita fomu namba 3.

Hii fomu naomba uniskilize vizuri maana hapa ndo pesa nyingi zinapotea bila mtu kujua. Kesi zinafika hadi Mahakama ya Rufani, miaka imeenda, nyumba imeshagawiwa, alafu majaji wanaangalia karatasi ya baraza wanakuta ni barua tu ya kumtambulisha mtu mahakamani, haisemi popote kwamba baraza lilijaribu likashindwa. Shauri lote linafutwa. Unarudi kata kama mtu mpya, nauli zote na hela za wakili zimeenda. Kwa hiyo ukipewa karatasi isome palepale kabla hujatoka mlangoni: majina yenu yako sawa kama kwenye cheti cha ndoa, imesema wazi baraza limeshindwa kuwasuluhisha, ina tarehe, saini na muhuri. Na tarehe ina maana yake, hati isiwe imepita miezi sita siku unapofungua shauri. Wapo wanaopata hati, wanaenda kwanza kutafuta hela ya wakili mwaka mzima, wakirudi hati imelala.

Mume akikataa kuja barazani je? Usikate tamaa na usimpigie magoti. Baraza linamwita kwa maandishi, akiitwa na akapuuza kwa makusudi sheria haikuzuii tena kwenda mahakamani, ila hakikisha baraza limeandika kwamba aliitwa lini na hakutokea. Nakala za wito tunza. Baraza likikuomba hela omba risiti, wala usione aibu.

Ukienda barazani nenda pia na mawazo ya mali na watoto, maana baraza linaruhusiwa kuambatanisha mapendekezo yake. Hayambani hakimu lakini yanasaidia, na saa ingine mwanaume mbele ya wazee analegea kuliko mbele ya wakili.

Baada ya hapo mahakama ipi? Sheria ya ndoa inaipa mahakama ya mwanzo, ya wilaya, ya hakimu mkazi na Mahakama Kuu mamlaka ya kusikiliza mashauri haya, zote. Watu wenye ndoa ya kanisani wanadhani lazima waende juu, wanakwambia mahakama ya mwanzo ni ya ndoa za kimila na za kiislamu, wapi! Anzia chini, ada ni ndogo, fomu ni rahisi, lugha ni kiswahili. Na sisi watu wa Dar tuna bahati, tangu 2021 kuna Kituo Jumuishi cha masuala ya familia pale Temeke, ndoa, mirathi na watoto, ngazi zote za mahakama ziko eneo moja hadi Mahakama Kuu. Toka Kimara ni mbali najua, ila angalau huzungushwi mji mzima kutafuta ofisi. Malipo ya mahakama ni kwa control namba, mtu yeyote akikwambia mpe mkononi atakusaidia kuharakisha, huyo mwepuke.

Alafu tuje kwa huyo wa milioni tatu na nusu. Swali langu la kwanza: ni wakili kweli? Maana umesema "kuna mtu". Mawakili wote walioruhusiwa wapo kwenye mfumo wa mahakama unaitwa e-Wakili, unaandika jina unaona kama yupo na kama leseni yake iko hai. Vishoka wamejaa nje ya mahakama zote za mji huu, wana suti, wana mafaili, wana muhuri, na kesi yako inaweza kutupwa kwa sababu tu hati imeandaliwa na mtu asiye na ruhusa. Swali la pili, kama ni wakili kweli, hiyo hela inalipia nini? Muulize na akuandikie: inaingia ada za mahakama au ni mbali? tarehe ngapi? mume akikata rufaa inakuwaje? Kukazia hukumu, yaani kuhakikisha inatekelezwa, imo? Mimi ni wakili na nakwambia, bei ya jumla isiyo na maandishi ndo inazaa "ongeza kidogo" kila mwezi. Ada ya wakili ni mapatano, inashuka ukiomba, na inashuka zaidi ukimuomba kazi kipande: kukushauri mara moja, au kukuandalia hati tu alafu unasimama mwenyewe.

Na kusimama mwenyewe sio jambo la kutisha. Mahakama ya mwanzo kwa miaka mingi mawakili walikuwa hawaruhusiwi kabisa, watu walisimama wenyewe na kuachana wakaachana. Hakimu anakuuliza ndoa ilifungwa lini, tatizo nini, mali mlichuma nini, unataka nini. Ukijibu hivyo vinne kwa mpangilio bila kulia na bila kurudi mwaka 2016 kwenye harusi ya shemeji, umemaliza sehemu kubwa.

Kabla ya kulipa yeyote lakini, gonga mlango wa msaada wa kisheria. Tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, sio hisani ya mtu. Hapa Dar kuna WLAC ya msaada wa kisheria kwa wanawake, kuna TAWLA ya wanasheria wanawake, kuna LHRC ya sheria na haki za binadamu, na wote wanashughulika sana na ndoa na watoto. Watakuuliza kipato, watasikiliza, mara nyingi watakuandikia hati bure na kukufundisha namna ya kusimama, kesi ngumu wanaweza kukupa wakili. Foleni ipo, wahi asubuhi na nenda na nakala ya cheti cha ndoa, vyeti vya watoto na karatasi za mali, ukienda mikono mitupu utarudishwa. Kwenye mitaa pia kuna wasaidizi wa kisheria, uliza ofisi ya serikali ya mtaa wako.

Sasa sababu za talaka. Hakimu anatafuta kitu kimoja, je ndoa imevunjika kiasi kwamba haitengenezeki? Sheria imetaja mifano ya ushahidi: uzinzi, ukatili, kutelekeza, mume au mke kuondoka angalau miaka mitatu, na mingine. Wewe miaka mitatu hujafikisha, kwa hiyo usiegemee hapo, lakini una uzinzi na una kutelekezwa, vinatosha kama vimethibitishwa. Hapa watu wanajiongezea gharama kwa hasira. Wanataka kuleta mashahidi kumi, kila jirani aliyemuona mumeo na yule mwanamke. Kila shahidi ni nauli, ni chakula, na ni tarehe nyingine asipotokea. Wawili au watatu wanaojua kwa macho yao wanatosha. Na najua kuna shoga yako atakwambia umshitaki yule mwanamke fidia ya ugoni, ni kweli sheria inaruhusu kudai fidia kwa aliyezini na mwenzi wako, ila hiyo ni kesi nyingine juu ya kesi, na hata ukishinda unaenda kumdai mtu ambaye pengine hana kitu. Kwa hali yako mimi ningeachana nayo.

Piga hesabu ya tarehe. Tuseme siku ukifunga biashara unakosa elfu 25, nauli na chakula elfu 7, tarehe kumi ni laki 3 na elfu 20 na hapo hujamlipa mtu. Ndo maana nasema kila kitu mtakachokubaliana nje kinakuokolea hela. Talaka yenyewe hamuwezi kukubaliana tu mkaenda kugongewa muhuri, hakimu lazima ajiridhishe ndoa imevunjika. Lakini mali, watoto na matunzo mnaweza kukaa, mkaandika, mkasaini, mkapeleka mahakamani hakimu aangalie na kuingiza kwenye hukumu. Shauri linabaki dogo, na mtu aliyesaini mwenyewe ni nadra kukata rufaa.

Kwenye mali ndo nataka ukae na daftari. Vyote viko jina lake, sawa. Sheria inaanza kwa kudhani mwenye jina ndo mwenye mali, lakini dhana hiyo inapinduliwa kwa ushahidi. Kilichochumwa kwa nguvu za pamoja ndani ya ndoa kinagawanywa, na tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilishasema kazi za nyumbani, kupika, kulea, ni mchango. Ila mchango sio lazima nusu kwa nusu, unapimwa kwa ushahidi. Asiye na karatasi anaambulia kidogo hata kama alibeba tofali kichwani. Wewe una karatasi nzuri kuliko unavyodhani, daftari la kikoba linaonyesha ulikopa lini, risiti ya bati inaonyesha mlipaua lini, miamala ya simu kwenda kwa fundi ipo, fundi mwenyewe yupo hai. Kusanya hivyo leo, kabla simu haijaibiwa. Na hilo deni la milioni 1 litaje, deni mlilochukua kwa faida ya wote wawili mahakama inaliangalia kwenye mgao, wengi wanalisahau wanabaki wanalipa peke yao bati ambalo mwenzao analala chini yake.

Kiwanja cha Kigamboni kilinunuliwa lini? Kama alikuwa nacho kabla ya ndoa na hamjakiendeleza pamoja ni chake, usipoteze tarehe tatu kukigombania. Kama mlinunua ndani ya ndoa, hesabu nyingine.

Mthamini wa nini? Mthamini analipwa, na anahitajika pale mnapobishana thamani. Mkikubaliana kwamba nyumba ni takriban kiasi fulani na kiwanja kiasi fulani hamumhitaji. Mkikubaliana kubadilishana ndo bora zaidi, kwa mfano yeye abaki na bajaj yake na kiwanja, wewe na watoto mbaki na nyumba, au kinyume chake na mmoja amfidie mwenzie kidogo kidogo. Nasema bajaj aachiwe maana nawajua nyie, mtagombea bajaj mwaka mzima, ikifika hukumu imebaki chesisi. Mkishindwa kabisa amri inakuwa nyumba iuzwe mgawane, hapo anaingia dalali na chake, na nyumba ya Kibamba isiyoisha ikiuzwa kwa haraka bei inakuwa ya kuokota. Kitu kingine ambacho hata mawakili wenzangu wanasahau kuwaambia watu, mali ikihamishwa toka mwenzi mmoja kwenda kwa mwingine kama sehemu ya makubaliano ya talaka, Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inaruhusu anayehamisha aombe kwa maandishi isihesabiwe kama ameuza kwa faida. Kwa hiyo nenda TRA, watu wa kodi, na hukumu mkononi kabla ya kuandikishana kama mnauziana, la sivyo mnajitengenezea kodi ya bure.

Wakati hayo yanaendelea asije akauza kimya kimya. Nyumba mnayoishi kama wanandoa hawezi kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa yako. Kama ina hati peleka zuio kwa Msajili wa Hati, kama ni ya mauziano ya serikali ya mtaa tu, andika barua kwa mwenyekiti na mtendaji, wagonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Ni karatasi ya bei ndogo sana ukilinganisha na kumkimbiza mnunuzi mahakamani baadae.

Watoto. Dhana ya sheria ni kwamba mtoto chini ya miaka 7 akae na mama, inaweza kupingwa lakini inakusaidia kwa mdogo, kwa yule wa 8 hakimu ataangalia maslahi yake na mara nyingi hapendi kuwatenganisha ndugu. Hapa usibebe mashahidi wengi wala usimfundishe mtoto cha kusema. Matunzo ni jukumu la baba hata kama mmeachana, na huna haja ya kungoja talaka, kesho tu unaweza kwenda Ustawi wa Jamii manispaa, ni bure, wanamwita na mnaandikishana. Andaa karatasi ya matumizi halisi ya mwezi: ada, sare, chakula, matibabu, ukienda na laki 8 ya kukomoa afisa anakuona mgomvi.

Ukifungua shauri weka maombi yote kwenye hati moja, talaka, mgawanyo wa mali, watoto, matunzo. Nimekutana na watu wamepewa talaka tu, mali haikuombwa, wanaanza shauri la pili, ada ya pili, tarehe za pili. Na usitegemee kurudishiwa gharama na mume hata ukishinda, mashauri ya ndoa mahakama kwa kawaida inaamua kila mtu abebe zake, ukijua hivyo mapema utapanga bajeti vizuri. Hukumu ikitoka omba nakala yake na ya tuzo (ile amri ya mahakama inayotokana na hukumu) siku hizohizo, muda wa rufaa ni siku 45, alafu hakikisha talaka imesajiliwa RITA, wale wa vyeti vya kuzaliwa na vifo, usije ukakwama miaka mitano mbele unapotaka kuandikisha kitu. Kufunga ndoa tena kanisani ni habari nyingine kabisa, hiyo muone paroko au mchungaji wako, hakimu hahusiki.

Kuvumilia au kutokuvumilia sitakuamulia, hilo ni lako. Ila kama anakupiga au anakutishia, acha haya yote ya kupunguza gharama na kukaa mezani, nenda dawati la jinsia polisi kwanza na usikubali vikao vya nyie wawili peke yenu.

Na huyo jamaa wa mikopo, kama ndo hawa kausha damu wanaochukua kitambulisho na kadi ya benki na riba ya wiki, mwambie asante. Wiki hii nenda kata ukaombe mumeo aitwe barazani, siku nyingine Ustawi wa Jamii kwa ajili ya matunzo, alafu msaada wa kisheria na zile karatasi za kikoba. Ukimaliza hizo ofisi tatu utakuwa umetumia nauli na hela ya fotokopi, na utakuwa unajua kama unahitaji wakili wa kulipa au la. Ukimhitaji, basi laki tano utakayoweka akiba mwenyewe, sio ya kukopa, inaweza kutosha kumlipa aandae hati na makubaliano tu.